Udongo, mkaa wa mifupa, shabu au mashine: uchague nini maji yako yakiwa na floraidi

Ukitoka Usa River, Arusha, kuelekea Moshi unavuka mto unaoitwa Maji ya Chai. Jina limetokana na rangi: maji yake ni ya hudhurungi kama chai ya rangi. Wageni wakisikia kwamba maji ya ukanda huu wa Mlima Meru yana floraidi nyingi, yaani madini yanayoyeyuka majini kutoka miambani, hudhani rangi ile ndiyo floraidi. Siyo. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Glasi ya maji maangavu kabisa kutoka chemchemi inaweza kuwa na miligramu 10 kwa lita, na mnywaji akayasifia kwa utamu.

Nimekulia upande huo. Meno yangu ya mbele yana mistari ya kahawia isiyotoka kwa dawa yoyote ya meno, na darasani kwetu tulijifunza mapema kucheka tukiwa tumeziba mdomo kwa kiganja. Mwenye meno meupe ndiye tuliyemuuliza ametoka wapi.

Sasa dada yangu ana watoto wawili wadogo, na juzi alinipigia simu: "Kaka, kuna watu wamepita hapa na ndoo ya udongo maalumu, wanasema inaondoa floraidi. Jirani anasema mkaa wa mifupa ndio bora. Shemeji yako anataka tununue mashine. Tushike lipi?" Nilimwomba siku mbili nimwandikie. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa ajili ya wengine waliokwama pale pale.

Kwanza, yasiyosaidia

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, na kila lita iliyobaki inakuwa nayo zaidi kuliko mwanzo. Klorini inaua vijidudu tu. Chujio la mshumaa wa kauri linazuia tope na bakteria, lakini floraidi imeyeyuka ndani ya maji na inapita nayo kama chumvi inavyopita kwenye kitambaa.

Halafu kuna magadi. Yale tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive upesi, hasa yanayookotwa kando ya maziwa ya Bonde la Ufa, yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana. Unaweza kununua chujio la gharama, kisha ukawarudishia watoto floraidi kwa kijiko. Anza kwa kuacha magadi. Ni bure, na leo hii unaweza.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia viwango vya juu zaidi kwa sababu ya uhaba, kisha ikashuka hadi 1.5. Wanaopaswa kutangulizwa ni watoto, kwa kuwa meno ya kudumu ya mbele hujengwa ndani ya ufizi kabla mtoto hajafika miaka 8 hivi, na doa likishaingia wakati huo, maji safi ya baadaye hayalitoi. Kwa viwango vya juu zaidi, kwa miaka mingi, mifupa nayo huguswa: viungo vinakakamaa, miguu inapinda.

Vigezo vitano

Cha kwanza ni kiasi cha floraidi katika maji yako wewe, si ya tarafa nzima. Visima viwili vilivyo hatua mia mbili kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kutofautiana sana. Peleka chupa moja kwenye maabara ya maji. Wizara ya Maji inayo Arusha. Omba pia wapime pH, yaani kipimo cha uchachu au umagadi wa maji, kwa sababu maji yetu ya miamba ya volkano yana magadi mengi na kalisiamu kidogo. Kalisiamu ingekuwepo ya kutosha, ingeishika floraidi na kuituamisha chini. Ule umagadi nao huyavuruga machujio kadhaa, nitaeleza.

Cha pili, lita ngapi kwa siku. Hesabu ya kunywa na kupikia tu. Nguo na sakafu havihitaji maji yaliyoondolewa floraidi. Lita 5 kwa kila mtu zinatosha, kwa hiyo nyumba ya dada yangu ya watu wanne inahitaji ndoo moja ya lita 20.

Cha tatu ndicho nimekiwekea uzito kuliko vyote: nani atalitunza chujio mwezi wa saba? Mwezi wa kwanza kila mtu ana bidii. Lakini chujio lililoshiba floraidi linaendelea kutoa maji maangavu, matamu, yasiyo na dalili yoyote. Hakuna kitakachokuambia limekwisha isipokuwa kipimo au kalenda.

Cha nne ni mabaki, yaani floraidi uliyoitoa inaishia wapi, na njia yenyewe inaacha nini ndani ya maji. Cha tano ni ladha na imani, kwa maana maji yasiyonyweka kwa roho safi yataachwa hata yakiwa bora namna gani.

Hesabu ya ndoo moja

Kabla ya kusikiliza muuzaji yeyote wa chujio la kujaza chembe, ziwe za udongo au za mkaa wa mifupa, fanya hesabu hii. Tuseme maji yana miligramu 6 kwa lita na unataka yashuke hadi 1.5. Kila lita inapaswa kuacha miligramu 4.5 ndani ya chujio. Kwa lita 20 kwa siku, hizo ni miligramu 90 kila siku.

Sasa chukua chembe kilo 10. Kama kila gramu inabeba miligramu 0.2, kiasi ambacho udongo wa kawaida usiorekebishwa unaweza kukibeba, chujio litakaa siku 22. Ikibeba miligramu 1, ambayo ni makadirio ya busara kwa udongo uliorekebishwa vizuri, utapata siku 111. Ikibeba 2, kama mkaa mzuri wa mifupa, siku 222. Weka namba zako mwenyewe. Muuzaji anayeijua kazi yake atakupa ile namba ya miligramu kwa gramu bila kusita, na atakuambia ilipimwa kwa maji gani.

Udongo uliorekebishwa

Udongo wa mfinyanzi ukiwa wa asili una chaji hasi usoni mwa chembe zake, na floraidi ndani ya maji nayo ina chaji hasi. Zinasukumana kama ncha mbili za sumaku zinazofanana. Ndiyo maana udongo mtupu huvuta kidogo. Huko Sri Lanka walitengeneza machujio ya nyumbani kwa vipande vya matofali ya kuchoma, maji yakipanda polepole kutoka chini kwenda juu, na yalifaa pale ambapo floraidi haikuwa nyingi.

Kurekebisha maana yake ni kuubadilisha uso huo. Udongo unakaushwa, unapondwa, unachekechwa, kisha unalowekwa kwenye tindikali au kwenye maji yaliyoyeyushwa chumvi ya alumini au ya chuma. Madini hayo yanaufunika uso wa chembe na kuupa chaji chanya, na floraidi inapata pa kushika. Baadaye chembe zinaoshwa mara nyingi na kuchomwa, kwa kawaida kati ya nyuzi 400 na 600 za Selisiasi, ili zisirudi kuwa tope. Moto ukizidi sana zinakuwa kama kigae: ngumu, za kupendeza macho, lakini hazivuti tena. Wafinyanzi wetu wana ujuzi mkubwa wa moto, na kwa maoni yangu ndio wangepaswa kuwa mstari wa mbele katika kazi hii.

*Uwezo.* Ni wa kati. Kwa maji ya miligramu 2 hadi 5 udongo mzuri unafanya kazi ya kuridhisha. Kwa 10 utachoka upesi. Tatizo kubwa kwetu ni umagadi: pH ikipanda juu ya 8, haidroksidi na bikaboneti, vitu vinavyoleta umagadi huo, zinagombania nafasi zile zile na floraidi. Matokeo mengi ya kuvutia yalipatikana maabara kwa maji safi yaliyotiwa floraidi tu. Muuzaji akikuonyesha kwamba udongo wake unaondoa asilimia 95, muulize yalikuwa maji ya wapi.

*Matunzo.* Ziwe chembe kama mchele au mtama, si unga, unga unaziba. Zibadilishwe kwa kalenda. Na kwa kuwa udongo wa shimo moja si sawa na wa shimo jingine, kila shehena mpya inahitaji kupimwa upya. Hapo ndipo wauzaji wengi wadogo wanapokwama: ndoo ya kwanza ilikuwa nzuri, ya tatu hakuna aliyeipima.

*Mabaki.* Alumini inaweza kuvuja kidogo ikiwa chembe hazikuoshwa vya kutosha. Kiwango kinachotumika kama mpaka ni miligramu 0.2 kwa lita, na maabara ile ile inaweza kuipima. Udongo uliokwisha kazi husafishwa kwa magadi ya moto, yaani sodiamu haidroksidi, na tindikali. Hiyo si kazi ya jikoni penye watoto. Uzike mbali na kisima.

*Ladha na imani.* Hauna kikwazo cha dini yoyote. Siku za mwanzo maji yana harufu ya udongo baada ya mvua, na wengi wetu tuliokunywa maji ya mtungi tunaipenda.

*Unamfaa nani.* Nyumba yenye floraidi ya wastani, iliyo karibu na mtengenezaji anayepima kazi yake na atakayekuwepo mwakani. Unawafaa pia wanaokataa mifupa.

Mkaa wa mifupa

Hapa kuna jambo linalonigusa kila nikilifikiria. Floraidi huharibu meno na mifupa kwa sababu inapenda madini yake. Inaingia humo na kuchukua nafasi. Mkaa wa mifupa unautumia udhaifu huo huo. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 550 hivi, mafuta na nyama vinaungua, madini yanabaki. Ukipitisha maji, floraidi inaukimbilia mfupa ule badala ya wa mtoto.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi. Kenya, Jimbo Katoliki la Nakuru lilijenga mradi wake wa mkaa wa mifupa kwa ajili ya nyumba, shule na vijiji. Kwa hiyo njia hii imeshaonwa ikifanya kazi kwenye maji ya Bonde la Ufa lenyewe, na hilo lina uzito.

*Uwezo.* Mkubwa kuliko wa udongo mwingi, na hauyumbishwi sana na umagadi. Hata maji ya miligramu 8 au 10 unayamudu, ila utabadilishwa mapema zaidi.

*Matunzo.* Rahisi nyumbani, mgumu kiwandani. Tazama rangi kabla ya kununua: kijivu hadi cheusi ni sawa. Wa kahawia haukuiva, utanuka. Mweupe umeungua kupita kiasi na umepoteza nguvu. Usijaribu kuchoma mwenyewe kwenye shimo la mkaa. Moto hauwezi kulingana.

*Mabaki.* Hautii kemikali ngeni ndani ya maji. Uliokwisha nao uzikwe mbali na maji.

*Ladha na imani.* Ukiiva vizuri hauna ladha. Lakini Mwislamu ana haki ya kuuliza mifupa imetoka machinjio gani na kwa mnyama gani, na Mhindu mwenye kumheshimu ng'ombe hatautaka kabisa. Mtengenezaji anayechukua mifupa kiholela hawezi kujibu swali hilo. Usimlazimishe mkweo wala mpangaji wako. Maji yatamwagwa usiku.

*Unamfaa nani.* Floraidi ya juu, familia au shule isiyo na pingamizi la kiimani, iliyo katika eneo ambalo mkaa unatengenezwa na kuuzwa bila kukatika.

Shabu na chokaa

Njia hii inaitwa Nalgonda, kwa jina la wilaya ya India iliyoteseka kwa floraidi kama sisi. Ilibuniwa na wataalamu wa mji wa Nagpur, huko huko India. Kwetu iligeuzwa kuwa ya ndoo mbili. Kipimo kilichojaribiwa Ngurdoto ni gramu 12.8 za salfeti ya alumini, ndiyo shabu ninayoisema hapa, na gramu 6.4 za chokaa kwa ndoo ya lita 20: unakoroga haraka dakika moja, kisha polepole dakika tano, unaacha saa nzima, madonge yanazama na floraidi, unayachota maji ya juu kupitia koki na kitambaa.

*Uwezo.* Maji ya miligramu 9 hadi 12 yalishuka hadi karibu 2. Ni hatua kubwa, lakini bado hujafika 1.5. Kipimo hicho ni cha maji yale; yako yanaweza kuhitaji kingine.

*Matunzo.* Kila siku, bila likizo. Ila ina sifa moja isiyopatikana kwenye chujio: haichoki kimyakimya. Umeweka dawa au hukuweka, unajua mwenyewe.

*Mabaki.* Tope lenye floraidi kila siku, na alumini na salfeti kidogo ndani ya maji. Usiache maji yakilala juu ya tope lake.

*Ladha na imani.* Ukikosea kipimo utaonja uchachu. Tumia salfeti ya alumini ile ya mamlaka za maji, si jiwe la shabu la kinyozi.

*Inamfaa nani.* Mwenye fedha kidogo kidogo na nidhamu nyingi, au shule yenye mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo na kulipwa.

Mashine ya utando

Maji yanasukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando wenye matundu madogo mno, na chumvi nyingi zinaachwa nyuma.

*Uwezo.* Ndio mkubwa kuliko zote hapa: mashine nzima huondoa sehemu kubwa sana ya floraidi, hata ikiwa 10 au 20.

*Matunzo.* Umeme, presha, na machujio ya awali ya kubadilisha kwa wakati. Tope la mvua za masika likiufikia utando, umepata hasara. Fundi awe karibu.

*Mabaki.* Kwa kila lita moja safi, mashine ndogo za nyumbani humwaga lita kadhaa zenye floraidi zaidi. Pigia nayo deki. Usimpe ng'ombe.

*Ladha na imani.* Maji mepesi sana, wengine huyaona hayana ladha. Kiimani hakuna tatizo.

*Inamfaa nani.* Nyumba ya mjini yenye maji ya bomba na umeme wa uhakika, au kioski cha kijiji kinachouza maji na kuajiri fundi.

Swali ambalo hakuna muuzaji atakuuliza: bati lako

Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 40 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka, linapokea lita 24,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki 19,200. Dada yangu anahitaji lita 20 kwa siku, yaani 7,300 kwa mwaka. Mvua inatosha zaidi ya mara mbili.

Kinachokosekana ni pa kuyaweka. Kiangazi cha siku 150 kinadai lita 3,000, kwa hiyo simtanki la lita 5,000, gata, na kifaa cha kumwaga maji ya mwanzo yenye vumbi vinamvusha. Gharama yote iko mwanzoni, kisha inatulia. Maji hayo yachemshwe au yatiwe klorini, kwa sababu ndege hawana choo kingine ila bati.

Kwa hali yako

Kama hujapima, usinunue chochote bado. Acha magadi, kinga mvua kwa ndoo zilizopo, peleka chupa maabara.

Kama maji yako yana miligramu 2 hadi 4 na unaishi karibu na mtengenezaji wa udongo anayekuonyesha vipimo vya shehena yake kwa maji ya eneo lenu, udongo uliorekebishwa ni chaguo la kueleweka. Andika tarehe ya kubadilisha juu ya ndoo kwa rangi isiyofutika, ukitumia hesabu ya hapo juu, na upime tena nusu ya muda kabla ya kuiamini tarehe hiyo.

Kama ni 5 hadi 10 na nyumba nzima inaridhia, mkaa wa mifupa utakupa nafasi kubwa zaidi ya kupumua kuliko udongo. Kama nyumba hairidhii, chagua kati ya udongo unaobadilishwa mara kwa mara, mvua, na mashine. Usianze ugomvi wa imani juu ya maji ya kunywa.

Kama fedha hazitoshi kununua chujio lolote, na kuna mtu mmoja nyumbani asiyesahau, ndoo mbili za shabu na chokaa zitamtoa mtoto kwenye 10 hadi 2 wakati mnadunduliza kwa ajili ya simtanki.

Kama una umeme usiokatika, fundi, na floraidi ya juu sana, nunua mashine, na utenge fedha za utando wa pili siku ile ile unayonunua wa kwanza.

Shule na vituo vya afya vifikirie zaidi mkaa wa mifupa kwa tangi kubwa au mashine ya pamoja, kwa sababu pale anaweza kuwekwa mlinzi wa chujio mwenye daftari. Chujio la darasa lisilo na mwenyewe ni la siku ya uzinduzi tu.

Na wewe mwenye maji yenye floraidi lakini huna nafasi ya kusafisha maji ya nyumba nzima: tenga dumu moja la watoto walio chini ya miaka 8 na la mama mwenye kuwachanganyia uji, tia humo maji ya mvua au yaliyochujwa, na watu wazima wasiliguse. Dada yangu ameanzia hapo. Dumu ni la njano, lina utepe mwekundu shingoni, na mwanawe mdogo wa miaka minne tayari anamfokea baba yake akilisogelea.